Nomino Bila Mtenda: Maneno ya Maadili katika Lugha ya Makampuni

Mhakiki wa fasihi hana budi kuyasoma hata maandishi yasiyojidai kuwa fasihi. Miongoni mwayo ni ile orodha fupi ya maadili ambayo makampuni mengi huitundika ukutani, penye mapokezi: uadilifu, uwazi, ubora, uwajibikaji. Makala haya yanauliza iwapo orodha hiyo ni uongo. Yamkini haijafikia hata kiwango cha uongo, kwa maana uongo hudai jambo, na jambo linalodaiwa huweza kukanushwa.

Sarufi yenyewe yashuhudia. Kitenzi "wajibika" kikiingia katika sentensi hudai nafsi: nani anawajibika, kwa nani, kwa lipi? Kikishageuzwa nomino, "uwajibikaji", maswali hayo hutoweka na neno hubaki likining'inia bila mtenda wala mtendwa.

Kampuni ya nishati ya Enron, iliyokuwa na makao yake Houston, Marekani, ilijitangazia maadili manne: heshima, uadilifu, mawasiliano na ubora. Mnamo Julai 2000 ilichapisha kitabu cha maadili chenye kurasa 64 na dibaji ya mwenyekiti wake, Kenneth Lay. Desemba 2001 ikafilisika, na udanganyifu wa hesabu zake ukawa wazi. Wasimulizi wengi huishia kwenye kinaya hicho, wakacheka. Ilhali lipo jambo zito zaidi. Mwaka 1999 halmashauri ya wakurugenzi iliombwa imruhusu mkuu wa fedha, Andrew Fastow, aendeshe ubia wake mwenyewe ambao ungefanya biashara na kampuni iyo hiyo iliyomwajiri. Kanuni za mwenendo za wakati huo zilikuwa na kifungu kilichozuia mgongano wa maslahi wa namna hiyo pasipo idhini. Wakurugenzi waliketi wakakiondoa njiani kwa ajili yake. Na mwaka huo huo wakafanya hivyo tena kwa ubia wa pili. Kifungu kilikuwa na mtenda, na kilikuwa na gharama, ndiyo maana kikahitaji kikao. Neno "uadilifu" halikuhitaji kikao chochote. Liliachwa pale pale lilipokuwa, kwani halikumzuia mtu.

Hapa Shaaban Robert anafaa kukumbukwa. Wahakiki wamezoea kulalamika kwamba wahusika wa *Kusadikika* (1951) ni bapa, majina yao yakiwa sifa tupu: Karama mshtakiwa, Majivuno waziri mshtaki. Lawama hiyo ina ukweli wake, ila inasahau kwamba Karama anasimama mahakamani, anashtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na huenda akapoteza uhai. Sifa imepewa mwili na imepewa hatari. Orodha ya ukutani haina hata ubapa huo.

Watetezi husema kwamba orodha ni dira tu, si ahadi. Hoja hiyo haishawishi: dira humlazimisha nahodha kugeuza usukani.

Katika ofisi nyingi za umma nchini Kenya hubandikwa pia mkataba wa huduma kwa wananchi: huduma, masharti, ada, muda. Nathari yake ni kavu, wala hakuna atakayeiita fasaha. Hata hivyo, mwananchi aliyeahidiwa cheti kwa siku kumi anaweza kuiwekea kidole safu ya siku, siku ya kumi na moja, na karani akalazimika kujibu.