Kasoro Iliyo Ndani ya Kopo

Fundi anayejitengenezea pawa saplai ya amplifaya hupata transfoma bila taabu kubwa, na diodi zimejaa katika kila duka la spea. Kinachomhangaisha ni kapasita, zile kubwa mfano wa kopo, zenye uwezo wa maikrofaradi 10,000 au 22,000 na ukinzani mdogo wa ndani. Akizunguka Kariakoo, au Luthuli Avenue kule Nairobi, anaweza kuwekewa mezani mbili zenye maandishi yaleyale na bei zilizo mbali kama mbingu na ardhi. Zote zinang'aa. Anazipima uzito mkononi, anazigeuzageuza, kisha anamtazama muuzaji usoni. Muuzaji anamhakikishia kuwa ni orijino.

Hapo ndipo swali kongwe la maadili linapomkuta fundi akiwa na bisibisi mfukoni. Anayeuza kitu chenye kasoro isiyoonekana ana wajibu gani? Na akisema hakuijua, je, neno hilo linamtoa hatiani?

Si swali la kupitisha wakati, kwa sababu kazi ya kapasita hiyo ni nzito. Umeme wa gridi yetu una mizunguko 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye diodi nne unatoka na mapigo 100. Katikati ya pigo na pigo, kapasita peke yake ndiyo inayolisha amplifaya. Mzigo ukivuta ampea 5 kutoka kwenye maikrofaradi 10,000, volti zinaweza kupungua kwa karibu 5 kabla pigo jingine halijafika, na spika huanza kuvuma. Ukinzani wa ndani nao una hesabu yake. Mkondo wa ampea 5 ukipita kwenye omu 0.1 huzalisha wati 2.5 za joto ndani ya kopo. Kwenye omu 0.02 joto hilo ni nusu wati tu. Wahandisi wana kanuni ya makadirio kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hukata umri wa kapasita kwa nusu. Kapasita mbovu hujipika yenyewe.

Na yote hayo yamefichwa. Ndani ya kopo mna karatasi za alumini zilizokunjwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa elektrolaiti, na kinachotunza chaji ni utando wa oksidi usioonekana kwa macho. Wajanja wanalijua hilo. Yamewahi kupasuliwa makopo makubwa yakakutwa na kapasita ndogo ndani, imeungwa kwenye miguu ya kopo la nje. Nyingine ni za mtumba zilizovuliwa nailoni ya zamani na kuvishwa mpya, yenye namba za kuvutia zaidi.

Hata hivyo, si kila namba isiyolingana na kipimo ni uongo. Kapasita za aina hii kwa kawaida huruhusiwa kupungua au kuzidi kwa asilimia 20, na kiwanda hulitangaza jambo hilo waziwazi. Aliyenunua maikrofaradi 10,000 akapima 8,700 hakudhulumiwa, kwa kuwa aliambiwa mapema mpaka wa ahadi aliyopewa. Kosa linaanza pale ganda linapotengenezwa makusudi ili liseme kisichokuwemo.

Kiswahili kinalifahamu kosa hilo kwa jina. Kitenzi kughushi kimetoka katika Kiarabu, na mzizi wake ndio uliomo katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Imamu Muslim. Mtume alipita sokoni, akatia mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akajitetea kuwa ilinyeshewa. Mtume akamuuliza kwa nini basi hakuiweka ile mbichi juu, watu waione, kisha akamkana kila mwenye kughushi. Uzito wa kisa hiki uko katika mpangilio wa rundo. Mtu yule hakulaumiwa kwa mvua. Alilaumiwa kwa kuweka kavu juu na mbichi chini.

Neno aibu nalo lina historia ya sokoni. Katika fikihi ya Kiislamu ni kasoro iliyomo katika bidhaa, ile inayompa mnunuzi haki ya kuirudisha. Kwetu Waswahili neno hilohilo limehamia kwenye uso wa mtu. Lugha imekiunganisha kilicho kibovu ndani ya kitu na kile kinachopaswa kumchoma aliyekiuza.

Lakini muuzaji wa leo ana utetezi ambao mwenye nafaka hakuwa nao. Anaweza kusema, na akawa mkweli, kwamba hajui kilichomo. Katika karne ya 13, Thomas Aquinas alilipima jambo hili katika Summa Theologiae: asiyejua kasoro ya kitu anachouza hana dhambi, ila akishaijua anawajibika kumfidia mnunuzi. Hukumu hiyo ina huruma, na kwa soko la jirani kwa jirani inatosha. Katika soko la kapasita ina ufa. Mwenye duka hajui kwa sababu alinunua kwa wakala. Wakala hajui kwa sababu alipokea kontena. Na kila mmoja ana sababu nzuri ya kutouliza. Kutojua kunasafirishwa pamoja na mzigo, kukibadilisha mikono hadi kwa mnunuzi wa mwisho.

Kutojua kwa namna hiyo si msiba uliomwangukia mtu. Kipimo cha uwezo na ukinzani wa ndani hutoshea kiganjani na hutoa jibu kwa sekunde chache. Mfanyabiashara anayeuza kapasita kila siku na hakitaki kipimo hicho dukani amechagua kutojua, na kutojua kulikochaguliwa kuna hisa katika madhara yanayofuata. Anachodaiwa ni kutia mkono ndani ya rundo lake mwenyewe kabla mteja hajatia wake.

Kipimo nacho kina mwisho wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kompyuta nyingi duniani zilikufa kwa sababu ya kapasita zilizovimba vichwa na kuvuja. Wengi wa wahanga walikuwa kapasita za ukinzani mdogo zenye elektrolaiti yenye maji mengi. Palipokosekana viambato vya kutosha vya kuizuia isiishambulie alumini, ilizalisha gesi ya haidrojeni ndani ya kopo. Zilipotoka kiwandani zilipima vizuri. Ilihitajika joto na miezi ya kazi ndipo zitoboe siri. Kwa kasoro ya aina hiyo kipimo cha dukani hakisaidii, na hukumu ya Aquinas inarudi na nguvu zake zote: muuzaji hana dhambi, lakini habari ikishamfikia, mlango wa kurudisha mali unapaswa kuwa wazi.

Na fundi mwenyewe? Yeye si mwisho wa mnyororo. Kesho amplifaya ile itafungwa msikitini, kanisani au kwenye ukumbi wa harusi, na atakayeilipia hatafungua kasha. Pengine jiji zima lilimpa kapasita mbili tu zinazofaa, na moja imepima maikrofaradi 7,400 badala ya 10,000. Itafanya kazi kwa sauti ya wastani, ila mvumo utasikika ikisukumwa. Anachukua kalamu ya wino usiofutika, anaandika 7,400 na tarehe ubavuni mwa kopo, kisha anaifunga maandishi yakielekea nje, na anamwita mteja aje aone kabla kifuniko hakijakazwa.