Shukrani ya Mikono: Mkeka, Shamba na Misimu

Shukrani katika Uislamu ina sehemu tatu: moyo kuitambua neema na Mwenye kuitoa, ulimi kumsifu kwayo, na viungo kuitumia katika yale anayoyaridhia. Imamu Ghazali na Ibnul Qayyim, kila mmoja kwa mpangilio wake, wamelifafanua jambo hili kwa urefu. Ulimi ndio mwepesi kuliko vyote. Alhamdulillahi hutamkwa baada ya kula, baada ya kupiga chafya na mtu anapojuliwa hali, na wengi huishia hapo. Sehemu ya viungo ndiyo inayosahaulika, ilhali ndiyo iliyotajwa kwa namna ya pekee katika kisa cha Nabii Daudi (A.S.).

Suratu Sabaa, aya ya 10 mpaka ya 13, inaeleza kuwa Daudi alilainishiwa chuma, akaamrishwa kutengeneza deraya kamili na kuzipima vyema pete zake katika kuziunganisha. Kisha jamaa zake wanaamrishwa wafanye kazi kwa kushukuru, na kuelezwa kuwa waja wenye kushukuru ni wachache. Inafaa mtu asimame hapo kidogo. Nabii aliyepewa Zaburi na ufalme anaelekezwa juu ya kipimo cha pete za chuma. Pete ikiwa kubwa mno, ncha ya mkuki hupenya; ikiwa ndogo mno, deraya humlemea anayeivaa. Kuipima sawasawa ni ufundi, na aya zimeuweka ufundi huo mlango mmoja na shukrani. Katika hadithi aliyoipokea Miqdam na kuitoa Bukhari, Mtume Muhammad (S.A.W.) amebainisha kuwa hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Daudi alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Muslim naye amepokea kuwa Nabii Zakariya (A.S.) alikuwa seremala.

Fiqhi inaonyesha kwa nini shukrani ya viungo haina budi kuwa kazi. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, sijda ya shukuru ni sunna mtu anapojiwa na neema mpya, kama kuzaliwa mtoto, au anapoepushwa na balaa. Neema za kudumu, kama uzima na macho, hazisujudiwi sijda hiyo. Vitabu vya madhehebu vimetaja sababu kuwa zingesujudiwa, umri wote ungemalizikia humo. Vidole vinavyosuka, udongo unaootesha, mvua inayorudi kila mwaka kwa wakati wake, zote ni katika neema hizo za kudumu. Hazimshtui mtu, na kwa kuwa hazimshtui ni rahisi kuzipita bila kuziona. Shukrani yake hupatikana katika kuzitumia vizuri siku zote.

Mkeka wa ukindu ni mfano wa karibu, kwa kuwa umo katika nyumba nyingi za pwani na visiwani na watu huulalia, hula juu yake na kuswali juu yake. Kazi yake huanza kwenye mkindu, mti unaojiotea penye unyevunyevu bila kupandwa na mtu. Majani machanga hukatwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa juani mpaka yageuke meupe, kisha yakachanwa kuwa nyuzi bapa za upana mmoja. Sehemu yake huchemshwa na rangi. Ndipo huanza kusuka ukili, ambao ni ukanda mwembamba unaorefuka pima baada ya pima na kuviringwa. Msukaji hulainisha ukindu kwa maji kidogo, maana mkavu hukatika. Uzi unapokaribia kwisha huingizwa mwingine chini yake bila kiungo kuonekana. Ukili ukishatosha hushonwa, ukingo kwa ukingo, na rangi zinatakiwa zikutane mahali pake. Msukaji akikosea hesabu ya nyuzi mwanzoni, kosa hilo hutembea na ukili wote, na dawa yake ni kufumua.

Katika kazi hiyo mna mpaka ambao anayenunua mkeka dukani hauoni kwa urahisi. Msukaji anajua ni wapi mkono wake ulipofanya kazi na ni wapi ambapo haukufanya. Hakuumba ukindu, wala si yeye aliyeupa ule ulaini unaouwezesha kupinda bila kuvunjika. Jua lililoukausha si lake. Hata kumbukumbu iliyo katika vidole vyake, inayomwezesha kusuka huku akizungumza, ni ya kupewa. Suratun Nahl, aya ya 78, inakumbusha kuwa binadamu alitoka tumboni mwa mama yake hajui lolote, kisha akapewa masikio, macho na nyoyo ili apate kushukuru. Aliyezoea kupata vitu vikiwa tayari anaweza kudhani kwamba vyote ni matokeo ya fedha yake. Aliyesuka, aliyechonga au aliyefinyanga amekwisha kukutana na mpaka huo kwa mikono yake mwenyewe. Kumjua Mola kwa njia hiyo ni elimu, na wanaokaa na kazi za mikono wana fursa kubwa ya kuipata iwapo wataitafakari.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameliendea jambo hili kwa upande mwingine katika kitabu cha subira na shukrani ndani ya Ihyaa. Anaeleza jinsi watendaji wengi wanavyohitajika kabla mkate mmoja haujawa mkate, akianza na malaika wanaoyaendesha mawingu hadi kumfikia mwokaji. Kisha anaitaja sindano: chombo kidogo kabisa, lakini umbo lake halitimii mpaka kipande cha chuma kipite mikononi mwa mtengenezaji mara 25. Anayedarizi kofia ya viua, tundu moja baada ya jingine, kwa wiki nyingi, ameishika sindano hiyo kila siku. Nyuma ya kila tundu yupo mhunzi, yupo mkulima wa pamba, yupo msokota nyuzi. Shukrani kwa Mwenyezi Mungu inapita kwao wote bila kuishia kwao.

Mtume mwenyewe aliswali juu ya mikeka iliyosukwa kwa mkono. Bukhari amepokea kutoka kwa Maymuna (R.A.) kuwa alikuwa akiswali juu ya khumra, mkeka mdogo wa majani ya mtende. Anas bin Malik naye anasimulia kuwa bibi aitwaye Mulayka alimwalika Mtume chakula. Baada ya kula, Mtume akawataka wasimame awaswalishe. Anas akauendea mkeka wao uliokuwa umekwisha kuwa mweusi kwa kutumiwa muda mrefu, akaunyunyizia maji, na Mtume akaswali juu yake, Anas na yatima mmoja wakiwa nyuma yake na bibi nyuma yao. Hawakuombwa kitu kipya. Kutunza kilichopo, kukishona kinapofumuka na kukisafisha ili kifae kwa ibada ni sehemu ya kushukuru ambayo zama hizi za kununua na kutupa zimeipunguza sana, nalo ni jambo la kusikitisha.

Ufundi una sadaka yake pia. Katika Sahihi Muslim, Aisha (R.A.) anasimulia kuwa Mtume aliwaambia wakeze kwamba wa kwanza kumfuata baada ya kifo chake ni yule mwenye mkono mrefu zaidi. Wakawa wakipimana mikono. Ikaja kubainika kuwa ni Zaynab binti Jahsh, kwa kuwa alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kutoa sadaka.

Shamba linaupeleka mbali zaidi ule mpaka kati ya kazi ya mkono na kilichotolewa na Mola. Msukaji huiona kazi yake ikikua mbele ya macho. Mkulima hufukia mbegu na kuondoka. Suratul Waqia, aya ya 63 mpaka ya 65, inamuuliza mwanadamu juu ya anachokipanda, kama ni yeye anayekiotesha, na kumkumbusha kuwa Mwenyezi Mungu angetaka angekifanya makapi. Jembe ni la mkulima, palizi ni yake, lakini kati ya mbegu na chipukizi upo muda ambao hana la kufanya ila kungoja.

Sheria imeuzingatia mgawanyo huo kwa hesabu. Katika hadithi ya Ibn Umar aliyoitoa Bukhari, zao lililonyweshwa na mvua au chemchemi zaka yake ni sehemu moja ya kumi; lililonyweshwa kwa kuteka maji ni nusu ya hiyo, yaani sehemu moja ya ishirini. Anayepandisha maji kwa ndoo, kwa mnyama au kwa pampu amebeba taklifu, na kwa sababu hiyo amepunguziwa. Ambaye mvua imemfanyia kazi hutoa maradufu. Kwa Mashafi zaka hiyo ni ya vyakula vya kutegemewa vinavyohifadhika, kama mpunga, mtama na mahindi, pamoja na tende na zabibu, vikifikia kipimo cha wasaki 5. Mkulima anayepima zaka yake kwa uaminifu huwa ameipima pia neema ya mvua.

Qur'ani imetaja mashamba matatu yaliyoharibika, na kila moja lina kosa lake. Mwenye bustani mbili katika Suratul Kahf, zenye mizabibu iliyozungushiwa mitende, aliingia bustanini kwake akadai kuwa hadhani kamwe kuwa itaangamia; mwenzake akamkumbusha kuwa yampasa kusema Mashaallah na kukiri kuwa hapana nguvu ila kwa Mwenyezi Mungu. Watu wa Sabaa walikuwa na bustani kuliani na kushotoni, wakapuuza, mafuriko ya Arim yakawaachia matunda machungu, mivinje na mikunazi michache. Wenye shamba katika Suratul Qalam waliapa kuvuna alfajiri bila ya kusema Inshaallah, wakinong'onezana kwamba siku hiyo asiingie maskini. Walipofika wakakuta limeteketea. Kisa hiki cha tatu ndicho kinachomgusa zaidi mkulima wa kawaida, kwani kujivuna si tabia ya kila mtu, ila kumfungia maskini mlango siku ya mavuno ni jambo jepesi kutokea. Suratul Anaam, aya ya 141, inaagiza haki ya mazao itolewe siku ile ile ya kuvuna, tena bila ya israfu.

Upande wa pili wa shamba ni thawabu. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Anas kuwa Muislamu akipanda mti au mmea, kisha ndege, mtu au mnyama akala humo, huandikiwa sadaka. Ngedere aliyevunja muhindi na ndege aliyedonoa papai wamo katika hesabu hiyo, hata kama mwenye shamba ana haki ya kulilinda zao lake.

Ufundi, shamba na msimu hukutana waziwazi katika karafuu za Pemba. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka; likifunguka limepoteza thamani. Zikifika nyumbani huchambuliwa, vikonyo vikawekwa mbali, kisha zikaanikwa juani kwa siku kadhaa, aghalabu juu ya majamvi ya kusukwa. Uchumaji ukiingia vuli, wingu moja linatosha kuwatoa watu wote wa nyumbani kwenda kuanua. Jua lile lile linaloombwa kwa karafuu, jirani mwenye mihogo michanga anaombea lifunikwe. Mola mmoja anasikia dua zote mbili, na shukrani ya kila mmoja haiwezi kutegemea kupata alichokitaka peke yake.

Misimu ya pwani huongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu mwisho wa mwaka hadi Machi, na jua lake kali. Masika huanguka kati ya Machi na Mei. Kusi huleta kipupwe cha katikati ya mwaka na manyunyu ya mchoo, kisha vuli hufika kati ya Oktoba na Desemba. Kwa pepo hizo majahazi yalikuja kutoka Arabuni na Ghuba wakati wa kaskazi na kurudi kwa kusi. Suratush Shura, aya ya 32 na 33, inataja vyombo vinavyokwenda baharini kama milima: Mwenyezi Mungu akitaka huutuliza upepo vikabaki vimesimama, na katika hayo mna ishara kwa kila mwenye subira nyingi na shukrani nyingi. Sifa hizo mbili zimetajwa pamoja kwa sababu msimu mmoja huzitaka zote. Anayengoja upepo ugeuke anasubiri na kushukuru kwa wakati mmoja.

Wazee wa Unguja na Pemba walihesabu siku za mwaka wa jua kumi kumi, wakaziita miongo, kuanzia siku ya mwaka, na kwa hesabu hiyo walijua lini wapande. Elimu hiyo haina ubaya. Kosa limeelezwa katika hadithi ya Zayd bin Khalid: baada ya mvua ya usiku pale Hudaybiya, Mtume aliwaeleza masahaba kuwa aliyeinasibisha mvua na fadhila ya Mwenyezi Mungu amemwamini, na aliyeinasibisha na nyota amemkufuru. Imamu Shafi amefafanua kuwa mtu akikusudia wakati tu, yaani mvua imenyesha katika kipindi cha nyota fulani, si kufuru, ingawa kauli nyingine ni bora. Kwa hiyo anayesema masika yameleta mvua, naye akikusudia majira, hana tatizo. Aliye salama zaidi ni yule anayeongeza kuwa ni kwa fadhila na rehema ya Mwenyezi Mungu, kama ilivyo katika hadithi yenyewe.

Mvua ikizidi, shukrani haimzuii mtu kuomba afueni. Anas anasimulia kuwa bedui aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume akihutubu, akalalamikia ukame. Mtume akaomba, ikanyesha hadi Ijumaa ya pili. Mtu akasimama tena, safari hii akilalamika kuwa nyumba zinabomoka na mali inaghariki. Mtume hakuomba mvua ikomeshwe kabisa. Aliomba iwe pembezoni mwao isiwe juu yao, ielekee vilimani, mabondeni na inapoota miti. Wenye kuathirika na mafuriko ya masika wana dua iliyo tayari, na ndani yake neema haikukataliwa.

Inabaki haki ya mwenye mikono. Hadithi waliyoitoa Abu Dawud na Tirmidhi inafundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Anayelalia mkeka, anayevaa kofia ya kudarizi au anayepika kwa karafuu anadaiwa shukrani kwa aliyeshughulika, na shukrani hiyo ni bei ya haki kabla ya kuwa maneno. Mwanamke aliyesuka kwa wiki kadhaa akabembelezwa auze kwa fedha isiyofika hata gharama ya ukindu na rangi hajashukuriwa, hata akiitwa fundi hodari. Katika hadithi qudsi iliyotolewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu amewataja watu watatu ambao Yeye atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyeajiri mfanyakazi, akaipata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake.