Hukumu ya Mti Mkubwa Ulio Karibu na Nyumba

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aoteshaye miti kwa maji ya mvua. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jueni, ndugu Waislamu, ya kuwa mti mkubwa ni neema ya miaka mingi, na kuukata ni kazi ya saa moja. Basi haifai mtu kuinua shoka kabla hajajua sheria yasemaje.

Kwanza, madhara huondolewa. Samura bin Jundubi alikuwa na mitende katika shamba la Ansari mmoja, akawa huingia humo na kuwaudhi wenyewe. Mtume (s.a.w.) alimtaka auze, akakataa, abadilishe, akakataa, atoe apate thawabu, akakataa. Ndipo akamwambia kuwa yeye ni mtu wa kudhuru, akamwamuru Ansari aing'oe. Basi mwembe uliooza ndani nao umeinamia paa, au mnazi uliolalia chumba cha watoto, kuuondoa si dhambi, bali ni kuhifadhi roho za watu.

Pili, haki ya jirani. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, matawi yakivuka na kuingia juu ya milki ya jirani, humtaka mwenye mti ayaondoe. Akikataa, jirani ayapinde. Yasipopindika, ayakate, wala hahitaji idhini ya kadhi. Lakini haki yake ni katika tawi lililovuka, si katika shina. Penye kutosha kupunguza, pasikatwe mti mzima.

Tatu, kukata ovyo. Abu Daudi amepokea onyo kali juu ya mwenye kukata mkunazi, akaeleza kuwa ni ule wa jangwani, wenye kuwapa kivuli wasafiri na wanyama, mtu akaukata bure kwa dhuluma.

Na dharura je? Mazingatio yapo Ngara, mbali na pwani, mpakani mwa Ruwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo katika muda wa siku moja, wakikimbia vita na mauaji, wakapiga kambi Benaco. Walitaka kuni za kupikia na fito za vibanda, wakakata miti. Nani atamlaumu mama apikiaye watoto wenye njaa? Lakini vilima vya kando ya kambi vikawa vyeupe, na kuni zikawa za kufuatwa mbali, kwa mgeni na kwa mwenyeji pia. Desemba 1996 Wanyaruwanda wengi wakarejeshwa kwao. Visiki havikwenda nao.

Hapo ndipo ilipo kanuni ya mafakihi: dharura huondoa dhambi, wala haibatilishi haki ya mwingine. Aliyekula chakula cha mtu kwa njaa hana dhambi, lakini thamani yake ni deni. Na mti vivyo hivyo: aliyeukata kwa haja, akiisha kupata wasaa, na apande mwingine, na asiyeweza, wenye uwezo wamsaidie.

Basi kila aondoaye mti ulioinamia nyumba yake, na achimbe shimo la mche mahali pasipodhuru. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa hata Kiyama kikisimama, na mkononi mwa mtu mna mche, akiweza kuupanda na aupande.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wenye kutengeneza, asitujaalie kuwa wenye kuharibu. Amin. Wallahu aalam.