Injini Inapochemsha, Sababu Ni Ipi?

Injini ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Kwa makadirio ya kawaida, kiasi cha theluthi moja hufanya kazi yenyewe, theluthi nyingine hutoka na moshi, na theluthi inayobaki huingia kwenye vyuma vya injini na lazima ichukuliwe na maji hadi kwenye rejeta. Joto, basi, ni hali ya kila siku ya injini. Linalohitaji maelezo ni kwa nini gari moja hulistahimili joto hilo kwa miaka mingi na jingine huchemsha kwenye foleni fupi ya magari. Swali hilo ni la gereji, lakini ndani yake mna jingine ambalo wanafalsafa na wanatheolojia wamelibishania kwa karne nyingi: kitu kikiitwa sababu ya kingine, kimestahili jina hilo kwa haki gani?

Mfano mzuri ni Triumph Stag, gari la wazi la viti vinne lililozinduliwa Uingereza mwaka 1970 na kuundwa huko Coventry hadi 1977. Umbo lake lilichorwa na Giovanni Michelotti wa Turin, na ni vigumu kulitazama bila kulipenda. Injini yake ya V8, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,997, ilibuniwa na Triumph wenyewe. Magari yaliyoundwa hayakufika 26,000, na ndani ya miaka michache ya mwanzo jina la Stag lilikuwa limeshikamana na mvuke unaofuka chini ya boneti, gasketi zilizoungua na silinda hedi zilizopinda.

Ukiuliza kwa nini, majibu huja mengi, na karibu yote ni ya kweli. Bloku ni ya chuma na hedi ni za alumini. Metali hizo hutanuka kwa viwango tofauti zikipata joto, na zikikaa pamoja ndani ya maji yasiyo na dawa ya kuzuia kutu, alumini huliwa pole pole. Pampu ya maji imewekwa juu, katikati ya ile V, karibu na kimo cha juu cha maji yenyewe, kwa hiyo maji yakipungua kidogo tu pampu hubaki ikizungusha hewa. Baadhi ya bloku zilitoka kiwandani zikiwa na mabaki ya mchanga wa kalibu ndani ya njia za maji. Mchanga huo ulisafiri hadi kwenye rejeta na kuziba mirija yake. Tena wapo wamiliki waliokuwa wakijaza maji matupu ya bomba kila yalipopungua, mpaka dawa iliyokuwamo ikawa si kitu. Mchanga, pampu, kutu, maji ya bomba: ipi kati ya hizi ndiyo sababu?

Mwanafalsafa R. G. Collingwood wa Oxford alilikabili swali la namna hii mwaka 1940, katika kitabu chake kuhusu metafizikia, na mfano wake ulikuwa wa gari. Gari linateleza kwenye kona, linapinduka na kuwaka moto. Kwa dereva, sababu ni mwendo wa kasi kwenye kona. Kwa mhandisi wa barabara, ni ubovu wa barabara. Kwa mtengenezaji wa gari, ni kasoro ya muundo. Collingwood alifundisha kwamba kila mmoja huita sababu lile jambo ambalo yeye mwenyewe ana uwezo wa kulileta au kulizuia. Mtazamaji tu, asiye na uwezo juu ya lolote kati ya hayo, hana la kuliita sababu.

Fundisho hilo lina uzito, kwa kuwa linaeleza kwa nini watu watatu wanaweza kutoa majibu matatu bila hata mmoja kusema uongo. Lakini historia ya Stag inaonyesha lilipopungukiwa. Katika maisha ya kawaida watu hufanya kinyume cha alivyosema Collingwood: huita sababu lile jambo lililo mikononi mwa mwingine. Mbunifu huwalaumu wamiliki kwa maji ya bomba, mmiliki humlaumu mbunifu kwa pampu iliyowekwa juu, na fundi huwalaumu wote wawili kwa kutosoma kitabu cha maelekezo. Kila mmoja anataja jambo la kweli, na kila mmoja anakwepa. Alichokieleza Collingwood kama desturi ya lugha ni wajibu zaidi kuliko desturi, na ni wajibu mgumu kuutimiza: kutafuta kwanza, kati ya masharti yote yaliyoleta madhara, lile ambalo mkono wa mtafutaji mwenyewe unalifikia.

Lipo pia suala la utoshelevu. Mwanafalsafa J. L. Mackie, katika makala ya mwaka 1965, alieleza kwamba mara nyingi tunachokiita sababu ni sehemu ya lazima ya mkusanyiko wa mambo. Mkusanyiko huo unatosha kuleta tokeo, ingawa sehemu hiyo peke yake haitoshi, na ingawa mkusanyiko mwingine tofauti ungeweza kuleta tokeo lile lile. Pampu ya juu peke yake haichemshi injini. Pampu ya juu pamoja na hozi inayovuja na siku ya joto, inachemsha. Mchanga ndani ya rejeta pamoja na mlima mrefu, nao unachemsha, hata kama maji yamejaa.

Kabla ya kufika kwenye sababu, kuna tatizo la dalili, na hapa makosa ni mengi kuliko popote. Geji ya joto haipimi injini. Inapima kile kinachogusa kihisio chake. Maji yakishuka chini ya kihisio, kinabaki ndani ya mvuke au hewa, na mshale unaweza kurudi chini wakati ambapo chuma kinaendelea kuungua. Dereva anayeona mshale umeshuka anashukuru, kumbe ndipo hedi inapopinda. Kwa upande mwingine, waya mbovu unaweza kupandisha mshale wakati injini iko salama kabisa.

Mfano ulio karibu zaidi na wasomaji wa Afrika Mashariki ni thamostati. Katika gereji nyingi za ukanda huu, gari likianza kuchemsha kitu cha kwanza kung'olewa ni hicho, kwa maelezo kwamba ni kifaa cha nchi za baridi. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifikie joto lake la kazi. Ya nyuzi 82, kwa mfano, huanza kufunguka hapo. Ikikwama imefunga, injini huchemsha kweli, na kuing'oa kunatibu kweli. Desturi hii ilipata nguvu kutokana na mara kama hizo. Lakini rejeta iliyoziba haizibuki kwa thamostati kung'olewa, na injini inayofanya kazi ikiwa baridi mno hula mafuta mengi na kuchakaa mapema.

Kosa hili la kuunganisha haraka mambo mawili yaliyoonekana pamoja lina onyo la zamani. Mwanatheolojia Imamu Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliandika katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa kuhusu pamba na moto. Vikigusana, jicho linaona mambo mawili: kugusana na kuungua. Jambo la tatu, yaani ulazima unaoyafunga hayo mawili, halionekani. Kuungua kunashuhudiwa pamoja na kugusana. Kwamba kumetokea kwa ajili ya kugusana ni hukumu iliyoongezwa na akili. Kwake yeye mtendaji ni Mwenyezi Mungu, na mpangilio tunaouona ni ada aliyoiendesha ulimwenguni. Hakutilia shaka kwamba pamba ya kesho nayo itaungua. Mwanafalsafa Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, alimjibu kwamba anayekanusha sababu ameikanusha akili yenyewe, kwa kuwa kukijua kitu ni kukijua kwa sababu zake.

Gereji haiwezi kuuamua mgogoro huo, maana pande zote mbili zinatarajia pamba iungue. Hata hivyo onyo la al-Ghazali linabana kuliko linavyodhaniwa. Fundi ametoa thamostati na gari limeacha kuchemsha: hayo ndiyo mawili aliyoyaona. Katikati yake yamepita mengine ambayo hakuyahesabu. Alipofungua mfumo alimwaga maji ya zamani na kutia mapya. Hewa iliyokuwa imenasa ndani ilipata njia ya kutoka. Kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo na hivyo kupandisha kiwango cha maji kuchemka, safari hii kilikazwa vizuri. Na jaribio lilifanyika jioni, jua likiwa limepungua. Lolote kati ya hayo lingeweza kuleta matokeo yale yale.

Njia ya kutoka ni ya upande wa Ibn Rushd, kwa maana inachukulia kwamba kila kifaa kina tabia yake inayoweza kuchunguzwa. Thamostati iliyotolewa inatumbukizwa kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, na maji yanapashwa moto. Ikifunguka kwenye nyuzi zilizopigwa muhuri juu yake, haina hatia na inarudishwa mahali pake. Gari linalochemsha likiwa limesimama tu, na kupoa likianza kukimbia, linaelekeza kwenye upepo: feni, au kitu kinachozuia hewa mbele ya rejeta. Linalopoa mjini na kuchemsha kwenye barabara kuu linaelekeza kwenye maji: mirija iliyoziba, au hozi ya chini inayobonyea pampu inapovuta kwa nguvu. Gesi ya moshi ikigunduliwa ndani ya maji ya rejeta, kwa dawa inayobadilika rangi, gasketi ndiyo inayotuhumiwa. Kila hatua inabadilisha jambo moja na kuyaacha mengine yalivyo, kwa kuwa yakibadilishwa mawili kwa pamoja jibu halijulikani limetoka kwa lipi.

Wenye haraka hubadilisha vyote kwa siku moja: rejeta mpya, feni ya umeme, pampu, thamostati, kulanti. Injini inapoa. Kwa mtu anayetaka kufika safari yake hilo halina ubaya wowote, na hakuna falsafa inayopaswa kumzuia. Ila siku itakapochemsha tena ataanzia alipoanzia mwanzo.

Wamiliki wengi wa Stag walikwenda mbali zaidi, wakaitoa injini nzima na kuweka V8 ya Rover, ambayo bloku na hedi zake zote ni za alumini. Uchemshaji uliisha, pamoja na swali lenyewe. Wapenzi wa magari ya kale huuliza kama gari hilo bado ni Stag. Lililo zito zaidi ni kwamba injini iliyotuhumiwa iliondolewa bila kusikilizwa. Kuna wengine waliobaki nayo. Walifungua bloku, wakaosha mchanga mpaka wa mwisho, wakaweka mirija mipya kwenye rejeta, wakasawazisha hedi, na wakashikamana na kulanti yenye dawa ya kuzuia kutu, inayobadilishwa kwa ratiba. Injini hizo zinakimbia mpaka leo bila kuchemsha, hata siku za joto la kiangazi.

Ushahidi wao una uzito kwa sababu mengine hawakuyagusa. Pampu bado iko pale juu, na metali bado ni mbili. Muundo ule, kwa hiyo, haukutosha peke yake kuliharibu gari, ingawa bila muundo huo uzembe mdogo wa mmiliki usingekuwa na adhabu kubwa kiasi kile. Lawama ya kiwanda haifutiki, kwani haikuwa haki kuuza injini isiyosamehe kwa watu wasioambiwa waziwazi kwamba haisamehi. Lakini sharti ambalo mkono wa mmiliki wa leo unalifikia ni maji. Ndiyo maana mwenye Stag yenye injini yake ya asili hupima kimo cha maji injini ikiwa baridi kabla ya kila safari ndefu, hata kama gari halijachemsha kwa miaka kumi.