Soda ya Sikukuu
Katika sikukuu za Idi na Krismasi lawama huangukia pilau na nyama, ilhali kinachostahili kuangaliwa zaidi ni soda, kwa kuwa chupa moja ya mililita 300 huweza kuwa na takribani gramu 30 za sukari, na mgeni anayezuru nyumba tatu hukirimiwa katika kila nyumba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri kwamba sukari huru, yaani ile inayoongezwa katika vyakula na vinywaji pamoja na iliyomo katika asali na maji ya matunda, isizidi takribani gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima. Kwa mwenye kisukari, kuomba maji si utovu wa adabu hata kidogo. Wenyeji na watangulize maji mezani.