Siku ya Tatu Mpe Jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa Eldoret methali hii haikosi kutajwa mazungumzo yanapofika kwenye pesa za serikali: mtu akilishwa bure atazoea, mikono italala. Sina ugomvi na methali. Nagombana na masikio yanayosikia jembe yakaliruka neno "mpe".

Anayeamriwa pale si mgeni, ni mwenyeji. Yeye ndiye wa kutafuta jembe na kuonyesha pa kulima, kabla hajamwita mwenzake mvivu. Nyerere alipoitumia methali hii katika andiko lake la Ujamaa mwaka 1962, alieleza kwamba mgeni mwenyewe huenda akaliomba jembe kabla hajapewa. Naamini hivyo. Mwaka 2020, corona ilipokausha vibarua, mradi wa Kazi Mtaani uliwapa vijana wa mitaa ya mabanda sepetu na mafagio, wakazibua mitaro kwa ujira wa siku. Mwaka 2022 mradi ukakoma, nasi tukarudi kuwauliza mbona hawashiki jembe.

Na wanaolishwa bure je? Huko Siaya na Bomet, shirika la GiveDirectly liliwapa wanavijiji pesa bila masharti. Watafiti, akiwemo Abhijit Banerjee, hawakukuta watu wakiacha kazi. Baadhi walitoka kwenye vibarua wakaanzisha biashara zao ndogo.

Kisha yuko ambaye jembe ameshaliweka chini baada ya kulima maisha yake yote. Huyo si mgeni kwetu. Mpango wa serikali wa Inua Jamii humpa mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi, na inaniuma kwamba bado kuna wanaoziita pesa za uvivu. Jirani yangu hapa Langas, tunayemwita Kogo, vidole vyake havikunjiki tena kushika mpini. Mvua za Machi zikikaribia na pesa zikiwa zimeingia, humwita kijana amlimie kijishamba kilicho nyuma ya nyumba. Yeye huketi kwenye kigoda, mkongojo ukionyesha pa kuchimba shimo, mbegu za mahindi zikiwa kwenye kikombe mapajani, akizitoa mbili mbili. Jioni kijana huondoka na ujira wake mfukoni. Mwaka ambao pesa zilichelewa, kijishamba kilijaa magugu hadi Mei, na kijana yule yule alishinda kando ya barabara akingoja wa kumwita.