Deni Lisilodai

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Hawakutuambia tuachilie lipi.

Nikiwa mwaka wa tatu nilienda atachimenti ya wiki 12 katika kiwanda kimoja Industrial Area, Nairobi. Sikulipwa hata ndururu. Nauli, chakula cha mchana, bima, yote yalikuwa juu yangu. Hata hivyo nilikuwa getini kabla ya saa mbili kila asubuhi, kwa sababu msimamizi alitia sahihi logibuku yangu kila Ijumaa jioni, na bila sahihi hizo ningerudia.

Wiki ya saba, mwenzangu wa chumba kule chuoni alifiwa na mamake. Makomredi wakachanga, wakakodi matatu ya kwenda mazishini. Mazishi yalikuwa Ijumaa. Mimi nikatuma shilingi 500 kwa M-Pesa na ujumbe: "Pole sana bro, niko na wewe." Uongo. Nilikuwa stoo nikihesabu makatoni.

Kuna watakaosema nilifanya vyema. Mimi ndiye kifungua mimba kwetu. Ng'ombe aliuzwa ili nisome. Kazi Kenya hii haiokotwi, na marafiki hawatakulipia nyumba. Hoja hiyo naiheshimu. Wiki hizo nilikataa sherehe tatu za makomredi na sijutii hata moja. Kama maisha ya chuo yangekuwa sherehe tu, swali hili lingekuwa jepesi.

Lakini mwaka wa kwanza, pesa ya HELB ilipochelewa, mwenzangu huyu alinilisha wiki tatu. Tulipika ugali na sukuma kwa koili tuliyoificha chini ya kitanda, tukapiga stori hadi usiku wa manane. Hakuandika popote ni sahani ngapi. Hakuna aliyemtilia sahihi.

Hapo ndipo naona kosa langu. Kazi inadai kwa sauti: ina saa, ina fomu, ina mtu wa kukuuliza ulikuwa wapi. Urafiki haudai. Nasi binadamu humlipa kwanza anayepiga kelele, kisha tunajiambia kwamba aliyenyamaza hatuna deni lake.

Tena kuna jambo ambalo mwenzangu sijawahi kumwambia. Sikuomba ruhusa. Niliogopa kuonekana si mtu wa kazi, nikajijibu "hapana" kwa niaba ya bosi. Jumatatu iliyofuata nilipomtajia msimamizi, aliniangalia kwa mshangao. "Si ungeniambia tu, kijana? Ningesaini leo."

Kwa hivyo sidhani swali ni saa ngapi za kazi na saa ngapi za marafiki. Swali ni hili: kabla ya kuachilia kimoja, umeuliza kama kweli ni lazima? Wakati mwingine jibu litakuwa ndiyo, na utaumia. Lakini mara nyingine mikono ingetosha yote mawili. Ni woga tu uliofungua vidole.

Mwenzangu alirudi Septemba. Alinipakulia ugali kama kawaida, hakutaja kitu. Heri angenilaumu.

Logibuku bado ninayo. Ijumaa ya wiki ya saba imeandikwa: "Kuhesabu makatoni stoo." Sahihi ipo.